Paka Wako Anasema Nini? Mwongozo Kamili wa Kusikiliza Milio ya Paka, Kutoka Lamu

Karibu kila wiki kuna mtu ananisimamisha hapa mtaani Langoni na kunitia simu sikioni. Ndani ya simu kuna sauti ya sekunde kumi: nyaaau, kimya, nyaau. "Yuwanena nini huyu?" Kila mara namrudishia simu yake bila jibu, naye huondoka akidhani sikutaka kumsaidia.

Ukweli ni kwamba sauti peke yake haisomeki. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Nicholas Nicastro na Michael Owren, waliwasikilizisha watu nyau zilizorekodiwa paka wakiwa katika hali mbalimbali: mwenye njaa, mwenye hasira, na kadhalika. Waliotegemea sikio tu walipatia zaidi kidogo tu kuliko mtu anayebahatisha.

Sababu yake ni hii. Paka wakubwa hawaambiani nyau, ila mara chache mno. Nyau ni mlio wa mtoto kwa mama yake. Akikua huuacha kwa paka wenzake, lakini kwa binadamu huuendeleza, kwa sababu binadamu humjibu. Kila paka basi huitengeneza nyau yake kulingana na nyumba yake. Wa jirani analia kwa namna moja akitaka mlango, wako analia vivyo hivyo akitaka maji. Hakuna kamusi ya paka wote. Iliyopo ni ya paka wako mmoja, na utaiandika wewe mwenyewe kwa siku 14.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu, vikae mahali pamoja ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Daftari la mtu mmoja hukosa nusu ya habari.
- Simu ya kuchukua video. Usirekodi sauti tupu.
- Saa.
- Tochi, kwa ajili ya darini na vichochoroni usiku.
- Karai la mchanga ndani ya nyumba, hata kama paka wako amezoea kujisaidia nje. Hapa kwetu paka wengi huenda zao kwenye magofu, na mwenyewe hajui kama mkojo unatoka au hautoki. Kwa siku hizi 14 ni lazima ujue.
- Namba ya daktari wa mifugo, iliyoandikwa kwenye jalada la daftari. Itafute leo, mchana, ukiwa umetulia. Ukiwa kisiwani na mnyama anakufa saa 8 usiku, huo si wakati wa kuuliza nani anayo namba.

## Hatua ya 1: Toa ugonjwa kwanza

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo paka wanapopotea. Ukiandika milio ya paka mgonjwa kama milio ya paka mzima, daftari lote litakuwa bure, na mnyama atakuwa ameumia.

Nilikuwa na dume wa rangi ya majivu. Akaanza kulia usiku, kilio kirefu cha chini, akiwa ameinama pembeni mwa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Tukasema ni mambo ya madume, anamwita jike. Siku ya pili akalia zaidi, akawa anakwenda mchangani, anachuchumaa, anarudi. Tukasema amefunga choo. Alfajiri ya siku ya tatu alikuwa amekwisha kufa. Njia yake ya mkojo ilikuwa imeziba. Dume ana mrija mwembamba, na mkojo ukizuilika kwa siku moja au mbili, sumu hurudi kwenye damu. Alikuwa akitueleza kwa siku mbili nzima.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, mtazame paka wako siku ya kwanza na ujiulize kama kuna moja kati ya haya:

Analia akichuchumaa, na mkojo hautoki au unatoka matone. Kwa dume hii ni dharura ya saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi.

Anapumua mdomo wazi huku ametulia. Mbwa huhema namna hiyo kwa joto; paka aliyelala kivulini hapaswi. Hii nayo ni dharura.

Analia ukimgusa mahali pamoja. Mara nyingi ni jipu la kuumwa na paka mwenziwe. Tundu la jino hujifunga juu, usaha ukabaki chini.

Paka mzee ameanza kulia usiku kwa sauti kubwa, na hakuwa na tabia hiyo. Huenda masikio yamepungua, akawa hajisikii, au tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, au figo zimechoka. Daktari apime.

Sauti imebadilika ghafla, imekwaruza, anatokwa na mate, anashambulia bila sababu. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Usimshike. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe.

Onyo moja ambalo sichoki kulirudia: usimpe paka Panadol wala dawa yoyote yenye paracetamol, hata robo ya kidonge. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Inamuua.

*Utajua umefaulu* ukiwa umeuona mkojo mchangani, anakula, anatembea sawa, na humwoni akijificha. Hapo endelea.

## Hatua ya 2: Tazama mdomo

Watu husikiliza, hawatazami. Mwaka 1944 mtafiti Mildred Moelk aliigawa milio ya paka katika makundi matatu kwa kufuata mdomo ulivyo, na mpaka leo sijaona njia rahisi kuliko hiyo kwa mtu anayeanza.

Mdomo umefungwa. Kukoroma, yaani ule mngurumo laini wa kooni, pamoja na mguno mfupi wa kutetema kama *prrrut*. Huu wa pili ni salamu. Mama huwaitia watoto wake, na paka wako hukuambia ukiingia mlangoni.

Mdomo unafunguka kisha unafunga. Hii ndiyo nyau. Karibu kila nyau ni ombi kwa mtu.

Mdomo umekaa wazi, umekazwa. Kufoka *hhhsss*, kunguruma, kilio cha kupigana, ukelele wa maumivu. Hapa paka anasema "kaa mbali", au anaumia.

Kuna mmoja unaokaa pembeni: *ke-ke-ke-ke*, taya zikitetema, macho kwenye kunguru aliyetua ukutani. Ni windo asiloweza kulifikia. Usiwe na wasiwasi nao.

Fanya zoezi hili siku ya kwanza na ya pili tu: kila akitoa sauti, tazama mdomo, useme kwa sauti, "umefungwa," "unafunga," "umekazwa." Basi. Usitafsiri bado. *Umefaulu* ukiweza kupanga mlio bila kuchelewa.

## Hatua ya 3: Sikiliza mwisho wa nyau

Nyau ina wimbo. Mtaalamu wa fonetiki Susanne Schötz, wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, amepima nyau za paka wakiomba chakula na za paka waliopelekwa kwa daktari. Za chakula zilielekea kupanda mwishoni, za kwa daktari zilielekea kushuka.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalo sikio la jambo hili. "Umekula" na "Umekula?" ni neno moja, na kinachotofautisha ni sauti inavyomalizikia. Msikilize paka kwa sikio hilo hilo.

Kwenye daftari huhitaji maneno. Chora mstari: ↗ inayopanda, ↘ inayoshuka, → iliyonyooka. Ongeza namba ya mara alizolia, na kama ni fupi au ndefu. Onyo: wimbo ni mwelekeo tu. Nimewaona paka wanaoomba samaki kwa sauti inayoshuka kama ya msiba.

## Hatua ya 4: Soma mwili na mahali

Nyau moja ikiwa na mkia wima, ncha imepinda kidogo, ni urafiki. Nyau hiyo hiyo mkia ukipiga sakafu huku na huku ni kero. Masikio yakilala kando au nyuma, acha kumgusa. Mboni za macho zikitanuka mchana kweupe, ana hofu au amesisimka. Mgongo ukijikunja na manyoya kusimama, anajikuza.

Kisha mahali. Je, yuko mlangoni? Mbele ya mtungi wa maji? Amekaa dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni, anatazama nje, au amekutazama wewe usoni? Paka huelekeza kwa kukaa. Anayelia akiwa ameupa mlango mgongo haombi mlango.

## Hatua ya 5: Andika, siku 14, bila kuruka

Mstari mmoja kwa kila tukio. Huu ni mfano wa daftari langu:

*Saa 11:10 alfajiri. Mlango wa jikoni. Nyau fupi mbili ↗. Mkia wima. Nilikuwa nasuuza sufuria. Alipewa kichwa cha samaki tasi, akanyamaza.*

*Saa 9 mchana. Ngazini. Nyau ndefu moja ↘. Masikio kando. Punda walikuwa wakishusha mchanga nje. Nikafunga dirisha, akanyamaza baada ya muda.*

Sehemu ya mwisho, yaani kilichomnyamazisha, ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo watu wanayoisahau. Bila hiyo una orodha ya kelele. Ukiwa nayo una sababu.

Usiandike "anataka chakula." Andika ulichokiona. Ukishaandika tafsiri, siku za mbele utaona unachokitarajia tu. Na ukikosa siku mbili kwa safari ya Mokowe au shughuli ya arusi, ongeza siku mbili mwishoni. Usijaze kwa kukumbuka.

## Hatua ya 6: Jaribu tafsiri yako

Siku ya 15 kaa chini na daftari. Zungushia milio inayofanana: mdomo uleule, mstari uleule, mahali palepale. Kwa kawaida utapata vikundi vitatu hadi sita.

Chukua kundi moja. Sema kisio lako: "Nyau fupi mbili zinazopanda jikoni ni njaa." Halafu lijaribu kwa kumpa kitu kingine kwanza. Mfungulie mlango. Akitoka, kisio lako ni kosa. Akibaki palepale akikutazama, mpe chakula. Rudia mara tano kwa siku tofauti. Sababu ya kuanza na jibu lisilo lake ni kwamba paka karibu wote hukubali chakula hata kama walikuwa wakiomba jambo jingine, nawe utadhani umepatia. Nadhani hivi ndivyo paka wengi wa mjini humu walivyonenepeshwa bure: wanaomba mlango, wanapewa samaki.

*Umefaulu* ukipatia mara nne kati ya tano. Andika neno hilo kwenye ukurasa wa mbele wa daftari, ni la kwanza katika kamusi yako.

## Hatua ya 7: Usidanganywe na kukoroma

Watu wengi husema, "Anakoroma, basi ana raha." Si kila mara.

Mkoromo hutoka kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, panapotikisika kiasi cha mara 20 hadi 30 kwa sekunde, hewa ikiingia na ikitoka. Ndiyo maana husikii pumziko. Mtoto wa paka huanza kukoroma angali macho hayajafunguka, akinyonya. Lakini paka hukoroma pia akizaa, akivunjika mfupa, hata akiwa karibu kufa. Ukimkuta paka aliyegongwa na mkokoteni anakoroma, usiseme nafuu imekuja.

Tenganisha namna tatu:

*Wa raha.* Mwili umelegea, macho nusu, miguu inakanda kama anayekanda unga. Sauti ni sawa mwanzo hadi mwisho.

*Wa kuomba.* Mwaka 2009 Karen McComb na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waligundua kwamba paka wengine wakitaka kulishwa huchanganya ndani ya mkoromo kilio chembamba, kinachokaribia kilio cha mtoto mchanga. Hata watu wasiowahi kufuga paka waliusikia kuwa wa haraka zaidi na usiopendeza sana. Ukihisi mkoromo unakusumbua moyoni, sikio lako halijakosea.

*Wa maumivu.* Mwili umejikunja au umekakamaa, macho hayaangalii kitu, hataki chakula, amejificha nyuma ya sanduku au chini ya kitanda. Namna hii hutaijua kwa sauti. Utaijua kwa chakula alichokiacha na kwa mahali alipojilaza.

Jaribio: weka kipande cha samaki anachokipenda mbele yake. Paka mwenye raha atainuka, au angalau pua itacheza. Asipogeuza hata kichwa, na imepita siku nzima hajala, piga ile namba iliyo kwenye jalada.

## Hatua ya 8: Milio ya darini usiku

Nyumba zetu zimebanana, dari kwa dari, na paka hupita juu kama sisi tunavyopita chini. Kwa hiyo ugomvi wao tunausikia wote.

Paka shume wawili wakikutana huanza kwa kunguruma chini kwa chini, kisha kilio kirefu kinachopanda na kushuka kama mtu anayelia kwa uchungu, kisha kufoka, na mwisho ukelele wa ghafla. Kabla ya ukelele bado hawajaumana. Mara nyingi mmoja huondoka polepole, na jambo huisha. Ndiyo faida ya kelele hizo: zinawaepusha na meno. Waache.

Ukitaka kuwatenga, piga makofi, mwaga maji, au ingiza sinia kati yao. Usitie mkono. Jino la paka ni jembamba na huingiza vijidudu ndani sana, na kidonda cha mkononi huvimba kabla ya kesho.

Kilio kingine ni cha jike mwenye joto: kirefu, cha kurudiarudia, mchana na usiku, huku anajisugua na kujigaragaza, kiwiliwili cha mbele chini na mkia kando. Majirani hudhani amelishwa sumu. Hadhuriki. Hali hiyo hudumu kama wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Kwenye nchi za baridi paka hupumzika msimu wa siku fupi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni uleule mwaka mzima, hivyo hana msimu wa kupumzika. Dawa ya kilio hicho ni kumfunga kizazi. Ukimwona paka wa mtaa sikio limekatwa ncha kwa mkato ulionyooka, mara nyingi ni alama kwamba amekwisha kufungwa.

## Hatua ya 9: Watoto wa paka

Kilio chembamba, kikali, kisichokoma kutoka kichochoroni kina maana tatu: baridi, njaa, au amenaswa. Usimnyakue papo hapo. Sikio la paka hufika mbali kuliko letu: mwisho wetu ni mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, wake unapita 60,000, kwa hiyo mama anaweza kuwa anamsikia kutoka dari ya nyumba ya nne. Rudi nyuma, kaa kimya, ngoja saa mbili au tatu kama hakuna hatari ya maji, jua kali, mbwa au punda. Akija, utasikia *prrrut*, na watoto watanyamaza pamoja. Asipokuja, wapashe joto kwanza ndipo uwalishe. Mtoto wa baridi hawezi kusaga maziwa.

## Hatua ya 10: Jibu

Paka asiyejibiwa huongeza sauti, na anayejibiwa ovyo huongeza maombi. Kwa hiyo jibu neno lililothibitishwa tu, na ulijibu mapema, angali analisema kwa upole. Mwite kwa jina fupi, lilelile. Utafiti wa Atsuko Saito na wenzake huko Japani, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba paka huweza kulitofautisha jina lao na maneno mengine. Basi usilitumie jina hilo kumkemea, wala kumwita ukitaka kumtia dawa.

Usimfokee akilia. Kwake huko ni kujibiwa.

Sasa kilio cha alfajiri, ambacho ndicho ninachoulizwa kuliko vyote. Huamka saa hiyo kwa asili yake, maana mwanga mdogo ni wakati wake wa kuwinda. Lakini kulia amefundishwa na sisi. Tunaamka kwa Swala ya Alfajiri, tunamtupia kitu ili anyamaze, naye baada ya wiki chache analia kabla ya adhana, kisha saa nzima kabla.

Fanya hivi. Mlishe vizuri usiku, baada ya kucheza naye kwa kamba au kifundo cha kitambaa dakika kumi. Asubuhi usimpe kitu hadi umalize kuswali na nusu saa ipite. Kisahani kiguswe tu akiwa kimya, hata kama ni kimya cha pumzi mbili. Mpe ishara nyingine badala ya kilio chake: gonga kisahani kwa kijiko mara mbili kabla ya kuweka chakula.

Usiku wa tatu au wa nne atalia kuliko siku zote. Hapo ndipo watu wote hushindwa. Ni kwamba anajaribu kwa nguvu jambo lililokuwa likimfaa zamani. Mtu mmoja wa nyumba akimpa mkia wa samaki usiku huo, atakuwa amemfundisha kwamba kilio kikubwa zaidi ndicho chenye malipo, na mtaanza upya. Kubalianeni wote kabla ya usiku wa kwanza, pamoja na bibi, pamoja na watoto.

Kwa nyumba nyingi nilizosaidia ilichukua wiki mbili hivi. Utajua imefika siku hiyo kwa jambo dogo: adhana imekwisha, umetoka msalani, unapita jikoni, naye amekaa kando ya kisahani chake, mkia umezunguka miguu, anakutazama na mdomo umefungwa. Gonga kijiko mara mbili, umwekee.